Saa za angani na tembo wa Nakapanya

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton wa Marekani, ilizimwa kasoro iliyokuwa imewekwa kwa makusudi kwenye mawimbi ya setilaiti za GPS. Setilaiti hizo ni mali ya jeshi la Marekani, na jeshi lilikuwa likiyavuruga mawimbi yanayowafikia raia ili yasitumiwe na adui. Raia aliyetaka kujua yuko wapi duniani alipata jibu lililoweza kukosea kwa mita 100. Baada ya amri ile makosa yakashuka mara moja hadi mita kumi au ishirini.

Katika miaka hiyohiyo, Dk. Donald Mpanduji wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzake kutoka taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Berlin, Ujerumani, walikuwa kusini mwa Tanzania wakiwafunga tembo mikanda shingoni. Ndani ya kila mkanda kulikuwa na kifaa kinachosikiliza GPS. Walitaka kujua kama kweli tembo wanapita kati ya Selous, ambayo tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Niassa iliyo ng'ambo ya Mto Ruvuma, nchini Msumbiji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la Pachyderm: ushoroba upo, tembo wanautumia, na baadhi yao huzunguka eneo la maelfu ya kilomita za mraba. Ushoroba huo unapita wilaya za Namtumbo na Tunduru, mkoani Ruvuma.

Nakapanya ni kata ya Tunduru, kando ya barabara ya lami itokayo Masasi na Mangaka kuelekea Tunduru mjini na hatimaye Songea. Watu wake wanaishi kwa korosho, mpunga, mahindi, mihogo, ufuta na mbaazi. Kundi dogo la tembo likiingia shambani usiku, asubuhi mwenye shamba anakuta mabua yamelala, mihogo imeng'olewa na ghala la udongo limetobolewa ubavu. Watu hukesha kwenye vidungu wakiwa na madebe, tochi na moshi wa pilipili. Kuna wanaokufa. Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa wafiwa, na majina yenyewe yanakubali kwamba si fidia.

Naanza na tembo kwa sababu swali linaloulizwa kila mahali, kwamba fedha za serikali zinazopelekwa angani zina faida gani, linaulizwa kwa uchungu zaidi mahali kama hapa. Mtu ambaye zahanati yake imeishiwa dawa ana haki ya kuuliza kwa nini kuna serikali zinarusha vyuma angani. Jibu langu ni kwamba sehemu ya fedha hizo ina thamani kubwa kwa mkulima wa Nakapanya kuliko wengi wanavyodhani, sehemu nyingine siwezi kuitetea mbele yake, na Tanzania tunajipunja wenyewe kwa kutoichukua ile iliyo bora.

Tuutazame mkanda wa tembo kwa karibu.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja imebeba saa za atomiki na kila wakati inatangaza mambo mawili: niko mahali fulani, na saa yangu inasoma hivi. Kifaa kilicho shingoni mwa tembo hakitumi chochote kwa setilaiti hizo, kazi yake ni kusikiliza tu. Tangazo husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo linachelewa kidogo, chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa kupima ucheleweshaji huo kifaa kinajua umbali wake kutoka kwa kila setilaiti, na kikipata nne kinaweza kukokotoa mahali kilipo. Kisha mahali hapo hutumwa kwa mtandao mwingine wa mawasiliano hadi kwenye simu au kompyuta ya askari wa wanyamapori.

Kila kitu hapo kinategemea saa. Saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300. Na hapa ndipo fizikia iliyoonekana kuwa ya vitabuni tu ikaja kugusa shamba la mahindi. Albert Einstein alikwisha kusema, katika nadharia aliyoikamilisha mwaka 1915, kwamba mvutano wa dunia hupunguza mwendo wa wakati. Saa iliyo juu sana, ambako mvutano ni dhaifu, hukimbia kuliko saa iliyo ardhini. Nadharia yake ya awali, ya mwaka 1905, inasema pia kwamba saa inayokwenda kasi huchelewa. Ukizijumlisha athari hizi mbili kwa setilaiti ya GPS, saa ya juu inaitangulia ya chini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zidisha kwa mita 300 upate zaidi ya kilomita 11. Kama jambo hilo lisingerekebishwa, kosa lingekua kwa kiasi hicho kila siku, na mkanda wa tembo ungekuwa pambo.

Hakukuwa na njia ya kulithibitisha hilo kikamilifu kwa kukaa ardhini. Tarehe 18 Juni 1976 NASA, shirika la anga la serikali ya Marekani, lilirusha saa ya haidrojeni hadi kimo cha kilomita 10,000, ikapanda na kushuka kwa muda wa saa mbili hivi, ikaanguka baharini. Wakati wote huo ililinganishwa na pacha wake aliyebaki chini. Einstein alikuwa sahihi. Mwaka uliofuata ilirushwa setilaiti ya majaribio ya GPS iliyoitwa NTS-2. Kulikuwa na mashaka kama marekebisho hayo ni ya lazima, kwa hiyo wahandisi waliyaweka ndani ya mtambo lakini wakayaacha yamezimwa. Kwa siku 20 hivi waliitazama saa ikikimbia, na ilikimbia karibu kabisa kama hesabu zilivyotabiri. Wakayawasha.

Nani angelipia jaribio lile la 1976? Hakuna mfanyabiashara ambaye angetoa fedha kurusha saa moja ili iende ikaanguke baharini. Hakukuwa na mteja. Mikanda ya tembo haikuwepo, simu za mkononi hazikuwa zimeingia sokoni, na bodaboda anayefuata ramani kwenye kioo cha simu alikuwa hajazaliwa. Na hata sasa tangazo la GPS haliuzwi. Lina tabia ya adhana: mwadhini akishaita, sauti yake inamfikia kila mwenye sikio, aliyechangia msikiti na asiyechangia, na hakuna namna ya kumtoza aliyeisikia. Kitu cha namna hiyo soko halikijengi. Hukijenga serikali kwa kodi, au hakijengwi.

Leo Tunduru ni miongoni mwa wilaya za kusini ambako tembo wanaoongoza makundi wamefungwa mikanda ya visukuma mawimbi, kama inavyoitwa rasmi. Mstari huchorwa kwenye ramani, kati ya pori na mashamba, na tembo kiongozi akiuvuka ujumbe hutumwa kwa walinzi. Mkanda haumzuii tembo. Unampa mtu saa moja au mbili za kujiandaa, na kwa aliyewahi kushtushwa usingizini na mlio wa miti inayovunjika, saa hizo mbili zinaweza kuwa uhai. Tatizo ni kwamba mikanda ni michache, betri zake huisha, na ujumbe mara nyingi huishia kwa askari aliye mbali na kijiji na asiye na gari. Upungufu huo wa mwisho uko kwetu, wala hauhusiani na anga.

Mvua nayo ina hesabu yake. Ruvuma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuita hivyohivyo, Msimu. Mkulima anayepanda mahindi kwenye mvua ya kwanza isiyoendelea hupoteza mbegu. Mwenye mikorosho hupulizia salfa katika miezi ya kiangazi kuzuia ubwiri unga, na mvua isiyotarajiwa wakati wa maua inaweza kumharibia mwaka mzima. Mawingu yanayoleta mvua hiyo mengi huzaliwa juu ya Bahari ya Hindi, na baharini hakuna vituo vya kupimia hali ya hewa isipokuwa vichache.

Ndiyo maana tarehe moja inapaswa kukumbukwa kusini. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Miaka minane baadaye, tarehe 1 Aprili 1960, Marekani ilirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanikiwa. Ilifanya kazi siku 78 tu, lakini ilifungua njia ya kuufikia wakati ambao kimbunga kikubwa hakiwezi kuzunguka baharini bila mtu kukiona, mradi setilaiti ziendelee kurushwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipoikaribia pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa iliwatahadharisha watu wa Mtwara na Lindi mapema, shule zikafungwa, watu wakahamia sehemu salama. Tarehe 25 Aprili kikaangukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kingepinda kidogo kaskazini kingetupiga sisi, na tungekuwa tumejiandaa. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikatua maeneo ya Mafia. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, njia ambayo bidhaa nyingi za kusini hupitia, lakini wavuvi walikuwa wamekwisha kuonywa wasitoke.

Setilaiti iliyotuonyesha mawingu ya Hidaya kila baada ya dakika 15 ni Meteosat, mali ya shirika la pamoja la serikali za Ulaya. Imetulia juu ya mstari wa ikweta, kilomita 36,000 juu ya bahari, upande wa mashariki wa Somalia. Imelipiwa na walipa kodi wa Ujerumani, Ufaransa, Italia na wenzao, na sisi tunaitazama picha hiyohiyo wanayoitazama wao.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na ni vizuri tukumbuke ya Unguja. Mwaka 1960 Waingereza waliwaruhusu Wamarekani kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya anga huko Tunguu. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa kimojawapo cha vile vilivyozungumza naye na kupokea taarifa za mapigo ya moyo wake. Watu wa Unguja wengi hawakukipenda. Waliandamana, wakiamini ni kambi ya makombora, na baada ya Mapinduzi serikali ya Abeid Amani Karume ilikitaka kiondoke. Aprili 1964 kikafungwa. Zipo simulizi zinazolieleza tukio hili kama ujinga wa watu wasioelewa sayansi. Mimi sikubaliani nazo. Kituo kiliwekwa kwenye ardhi yao kwa makubaliano ya mataifa mawili ambayo hawakuyachagua, taarifa zote zilikwenda Marekani, na hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao watapata nini. Kazi ya anga isiyomwonyesha jirani yake faida yake ina haki ya kushukiwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja baadaye, na yalikuwa ya uamuzi kuliko ya mitambo. Setilaiti za Landsat, ambazo hupiga picha za ardhi, zimekuwepo tangu 1972. Kwa miaka mingi picha moja iliuzwa, na mwanzoni mwa karne hii bei ilikuwa dola 600. Mtafiti wa Sokoine au afisa ardhi wa wilaya angeitoa wapi? Mwaka 2008 serikali ya Marekani ikaamua picha zote, za zamani na mpya, ziwe bure kwa mtu yeyote duniani. Matumizi yakaongezeka mara nyingi sana. Idara ya jiolojia ya Marekani ilikadiria kwamba kwa mwaka 2017 peke yake picha hizo ziliwaletea watumiaji faida ya dola bilioni 3.45. Leo mwanafunzi mwenye intaneti anaweza kuona msitu wa miombo wa Tunduru ulivyokuwa miaka ya 1980 na ulivyo sasa, na wapi moto ulipita kiangazi kilichopita.

Sasa upande nisioweza kuutetea. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alisema kila safari ya roketi kubwa mpya ya kupeleka watu mwezini, kwa zile nne za mwanzo, ingegharimu dola bilioni 4.1. Ni zaidi ya shilingi trilioni 10. Bajeti yote ya serikali ya Tanzania ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Yaani roketi moja, safari moja, ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya kila kitu ambacho nchi yetu ilipanga kukifanya kwa mwaka: mishahara, barabara, dawa, madeni, yote. Landsat 9, iliyorushwa Septemba 2021, iligharimu kama dola milioni 750. Kwa bei ya safari moja ya mwezini zingepatikana tano. Fedha ni zao na uamuzi ni wao, na najua kwamba watu walipofika mwezini mwaka 1969 hata wazee wetu walisimama kusikiliza redio. Ila nikiulizwa na mtu wa Nakapanya kama safari hizo zinamhusu, nitamwambia ukweli: kwa sasa, kidogo sana.

Tena tusikuze mambo. Bajeti ya NASA ni chini ya nusu asilimia ya matumizi ya serikali kuu ya Marekani, wakati mwaka 1966, enzi za Apollo, mradi wa kwanza wa kupeleka watu mwezini, ilizidi asilimia 4. Kuifuta yote kusingejenga zahanati hata moja Tunduru.

Kinachoniumiza ni kwamba wanapopunguza, wanapunguza upande usiofaa. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kukata bajeti ya NASA kwa karibu robo, hadi dola bilioni 18.8, na fungu la sayansi kwa karibu nusu. Safari za watu kwenda mwezini na Mars zililindwa kuliko setilaiti zinazoitazama dunia. Wabunge wa vyama vyote viwili walipinga. Lakini mwanzoni mwa mwaka huohuo mfumo wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET, uliokuwepo tangu 1985 ukitegemea sana vipimo vya setilaiti vya mvua na majani, ulizimwa kwa miezi kadhaa kwa sababu fedha za misaada zilisitishwa. Afrika Mashariki tulijifunza kwa vitendo kwamba cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuamka asubuhi akabadili mawazo.

Je, basi Tanzania irushe setilaiti yake? Kenya ilirusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, kwa shilingi milioni 50 za Kenya, na Uganda ilikuwa na PearlAfricaSat-1 mwishoni mwa 2022. Serikali yetu nayo imetangaza nia. Sina ugomvi na nia hiyo, kwani vijana wanaojenga chombo kidogo hujifunza mambo ambayo hayafundishiki ubaoni. Ila setilaiti moja ndogo hupita juu yetu kwa dakika chache na kuendelea zake. Haichukui nafasi ya Meteosat wala ya Landsat. Ningekuwa napanga mafungu, shilingi ya kwanza ningeiweka ardhini: vipimo vya mvua katika kata, kwa sababu makadirio ya setilaiti bila kipimo cha chini hukosea, wahitimu wa vyuo vikuu vya Sokoine, Ardhi na Dar es Salaam waajiriwe kwenye halmashauri kusoma picha hizi, na mchango wetu kwa kituo cha kikanda cha ramani cha Nairobi, RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975 nasi tukiwa wanachama, ulipwe na utumike.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tayari utabiri wa Msimu kwa maeneo madogo, hadi ngazi ya wilaya. Mikanda ya tembo hutoa tayari mahali walipo. Vyama vya msingi vya korosho vina tayari orodha ya wakulima na namba zao za simu, kwa kuwa huwalipa. Kinachokosekana ni mtu wa wilaya mwenye jukumu la kuunganisha vitu hivi vitatu na kupeleka ujumbe wa Kiswahili, au wa Kiyao inapobidi, kwa simu ya kitochi kabla tembo au mvua havijafika. Gharama yake ni mshahara wa mtu mmoja, kompyuta na vocha. Madiwani wa Tunduru wana uwezo wa kuliweka fungu hilo kwenye bajeti ijayo ya halmashauri, na wapiga kura wa Nakapanya wana haki ya kuwadai.